Nimevuta shimo mara 4, kumbe bomba ndilo limepasuka: dalili za njia ya majitaka iliyoharibika

#1 Mwenye Uwanja (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye usiku huu choo chake kinaguna na anajiambia ni kawaida.

Niko Tabata Segerea, nyumba yangu mwenyewe, tuliingia 2011. Ndani kuna vyoo viwili, jikoni sinki moja, nje karo la kufulia. Bomba la inchi 4 linatoka nyuma ya nyumba, linapita chemba mbili (vile vishimo vyenye mfuniko vya kukagulia bomba), linakatiza chini ya sehemu tunayoegesha gari, linafika chemba ya tatu, kisha linaingia shimo la septiki kwenye kona ya ukuta. Kutoka septiki maji yanahamia shimo la pili la kunyonyea, ambako yanapotelea ardhini. Nimewachorea ramani hii kwa maneno kwa sababu usipoijua ya kwako, yote yanayofuata hayatakufaa. Mimi niliishi humu miaka yote hiyo bila kuijua.

Yalianza Novemba kwenye mvua za vuli. Mke wangu ndiye aliyesikia kwanza. Ukimwaga ndoo ya maji bafuni, choo cha kukaa kilicho chumba cha pili kinaitikia: glu, glu, glu. Halafu maji yaliyotulia ndani ya bakuli yanashuka vidole viwili yenyewe, hakuna aliyeyagusa. Nikamwambia ni hewa tu. Ni hewa kweli, ila sikujiuliza inatafuta nini huko. Desemba maji ya kuoga yakaanza kukawia, unamaliza kuoga umesimama kwenye maji ya kisigino. Kisha siku moja dada anafua nje, akamwaga beseni kwenye karo, na povu la sabuni likachomoza kwenye tundu la bafuni, ndani ya nyumba, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa anafua.

Nikaita gari la kunyonya. Kijana akafunua shimo, akanionyesha maji yako juu. "Bosi, limejaa." Nikaona kwa macho yangu, nikalipa. Wakavuta, wakapitisha fito kwenye chemba, wakasukuma maji, kila kitu kikaenda vizuri. Baada ya wiki tatu hali ikarudi. Nikaita tena. Mpaka Machi nilikuwa nimeita mara nne, na mara ya mwisho nilitoa kwenye pesa ya ada.

Mambo mawili laiti ningeyajua mapema. La kwanza, septiki iliyojengwa vizuri huwa imejaa maji muda wote. Inajaa mpaka usawa wa bomba la kutokea, na ndivyo inavyofanya kazi: uchafu mzito unazama, mafuta yanaelea, maji ya katikati yanahamia shimo la pili. Ukifunua ukakuta maji yako juu, hiyo pekee haikuambii kwamba limejaa. La pili, kilichokuwa kinanipa nafuu ya wiki tatu ni zile fito. Kuvuta shimo hakukuhusika hata kidogo.

Sasa kuna kitu nilikiona Januari na sikukielewa. Kiangazi kile ukoka wote wa uani ulikauka ukawa rangi ya mkeka mkuukuu. Isipokuwa kipande kimoja kando ya maegesho, upana wa mswala, kijani kibichi, ukikanyaga panabonyea. Watoto walipapenda kwa sababu pana ubaridi, wakawa wanatandika kanga hapo na kuchezea. Ni hatua tatu kutoka tangi letu la zege la chini, tunalohifadhia maji ya kupikia.

Februari mtoto wangu wa mwisho alilazwa siku nne kwa kuharisha. Sina kipimo cha kuniruhusu niseme ni bomba. Ila tulipokuja kulimwaga lile tangi, ukuta wa upande wa maegesho ulikuwa na mstari mweusi unaoteleza na harufu ambayo sote tuliijua. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Jirani mmoja, fundi bomba mstaafu, ndiye aliyenitoa gizani. Alikuja jioni, akakaa kwenye tofali, hakuuliza habari ya shimo. Alisema, "Nifungulie chemba zote tatu." Ya kwanza imejaa mpaka juu. Ya pili imejaa. Ya tatu, ile iliyo ng'ambo ya maegesho, kavu kabisa, hata mende wamo. Akasema, "Chimba hapa katikati." Tukang'oa pevingi. Bomba tulilikuta kina cha shubiri mbili tu, limebonyezwa na gari likawa na umbo la yai, kiungio kimeachia upana wa kidole gumba, na ndani yake mizizi ya mwarobaini wa jirani imejaa kama rasta.

Mtaro uko wazi hadi sasa, tunalaza bomba jipya wiki hii. Nitaleta mrejesho. Mafundi mlioko humu naomba mshushe maarifa, na mwenye dalili kama zangu aseme.

#2 Mpangaji Mtulivu

Pole sana mkuu, na mtoto azidi kupata afya. Kwangu choo kimoja tu ndicho kinachojaa nikiflashi, kingine kiko salama na sinki linaenda. Na mimi ni bomba la nje?

#3 Mwenye Uwanja

@Mpangaji Mtulivu asante ndugu, mtoto hajambo. Kwa nilivyofundishwa, kikigoma kimoja na vingine vinaenda, kizuizi kiko kwenye tawi la hicho kimoja. Zibua hapo hapo kwanza. Mimi ningeshtuka siku vyote vinapoanza kuzembea pamoja.

#4 Fundi Pima Maji

Mwenye Uwanja umeandika kitu cha maana. Nina miaka 23 kwenye kazi hii, Dar na Morogoro, na nusu ya nyumba ninazoitwa nakuta mwenye nyumba ameshalipa magari kadhaa kwa ugonjwa wa bomba. Ngoja nieleze kwa utaratibu wa kazi yenyewe.

Kwanza sauti. Maji yanaposhuka kwenye bomba, hewa iliyomo lazima ipate pa kwenda. Njia ikiwa wazi inakwenda mbele au inapanda bomba la hewa lile la juu ya paa. Mbele pakiziba, hewa inarudi nyuma na kupenya kwenye maji ya choo kilicho karibu. Huo ndio mguno. Kwa hiyo choo kikiguna wakati unatumia kitu kingine, hapo ndipo ugonjwa unapoanza, kabla maji hayajarudi. Mtu akiniita kwenye hatua hiyo namaliza kazi kwa nusu siku. Mara nyingi naitwa kinyesi kikiwa sebuleni.

Pili, tazama maji yanatokea wapi. Maji hutafuta tundu la chini kuliko yote. Nyumba zetu nyingi tundu hilo ni la bafuni au choo cha kuchuchumaa. Ndiyo maana bafu linalaumiwa wakati halina kosa.

Tatu, chemba. Hapa ndipo mzee wa Segerea alipomaliza kazi. Anza na iliyo karibu na nyumba. Kama ndani vyoo vimejaa na chemba hiyo ni kavu, kizuizi kiko kati ya nyumba na chemba. Kama imejaa, kizuizi kiko mbele yake, nenda ya pili. Endelea hivyo mpaka ukute moja imejaa na inayofuata kavu, tatizo liko katikati yake. Zikiwa zote zimejaa mpaka septiki, na maji ya septiki yamepanda juu ya bomba la kuingilia, hapo sasa ndipo unazungumzia shimo: ama tope limezidi, ama shimo la kunyonyea halinyonyi tena.

Watu wananiuliza, nitajuaje kama limeziba tu au limevunjika? Angalia fito inapotoka. Ikitoka na mafuta yaliyoganda, pedi, pampasi, vitambaa, hilo limeziba, litaoshwa. Ikitoka na udongo mwekundu au mchanga safi, jiulize huo udongo umeingilia wapi. Ndani ya bomba zima hakuna udongo. Ikitoka na vinyuzi vya mizizi, kuna kiungio kilichoachia. Na funga kitambaa kwenye fito mahali inapogota. Mwezi ujao likiziba tena na fito ikagota kwenye kitambaa kile kile, chimba hapo, usipoteze pesa nyingine.

Kuna kipimo cha rangi pia. Koroga bluu ya kufulia kwenye ndoo mbili za maji, mimina chemba ya kwanza, mtu asimame ya mwisho. Rangi ikifika haraka na nyingi, njia nzima. Ikifika kidogo na maji yamepungua sana, yanaishia ardhini. Ikichelewa sana halafu ikaja taratibu, bomba lina bonde, limedidimia katikati na kutengeneza tumbo. Hilo halijavunjika bado, ila kila uchafu utatua hapo.

Kuhusu mteremko: bomba la inchi 4 nalilaza lishuke sentimita 2 na nusu kwa kila mita 1. Mita 10 ni sentimita 25. Pungufu kidogo linavumilika, lakini bomba lililolazwa kwa jicho bila pima maji wala kamba, siku litakapoziba haishangazi. Na chini ya gari lisikae kina cha shubiri mbili hata siku moja.

Dalili za ndani ya nyumba nazo zipo. Vigae vya ukumbini ukigonga vinalia utupu wakati zamani havikulia. Ufa mpya unaofuata mstari wa bomba sakafuni. Mende wakubwa wale wa rangi ya kahawia wanaoongezeka ghafla bafuni, au panya kutokea kwenye tundu: huenda ameingilia kwenye ufa wa bomba.

#5 Mama Wawili wa Kigamboni

Shikamoo fundi. Niongeze upande wa harufu, maana mimi nilibomoa sakafu bure.

Chumba cha wageni kilikuwa kinanuka choo mchana na usiku, fundi wa kwanza akasema bomba limepasuka chini. Tukabomoa vigae vya mita nzima. Bomba zima. Kumbe chini ya kila tundu kuna ule mkunjo unaobaki na maji, maji hayo ndiyo mlango wa kuzuia harufu. Chumba hakijatumika miezi mitatu, maji yakakauka, mlango ukawa wazi. Nilimimina jagi mbili za maji, harufu ikakata kabla sijatoka chumbani.

Kwa hiyo akina mama wenzangu, harufu ikiwa chumba kimoja kisichotumika, mwaga maji kwanza kwenye kila tundu, subiri siku moja. Harufu ikiwa nje, kwenye udongo, au ndani ya nyumba nzima asubuhi, hiyo ndiyo ya kuita fundi.

#6 Fundi Pima Maji

@Mama Wawili wa Kigamboni marahaba dada. Umesema kweli kabisa na pole kwa vigae. Angalia na bomba la hewa juu, ndege hujenga viota humo na mwisho wake ni harufu na mguno vilevile. Hilo nalo hukaguliwa kabla ya kubomoa.

#7 Kijana wa Mjini

Wakuu mnazunguka sana. Nunua magadi ya kuzibulia ama asidi ya betri, mimina, subiri saa moja, linapita. Kwetu tunafanya hivyo kila mwezi.

#8 Fundi Pima Maji

@Kijana wa Mjini mdogo wangu, nakuomba uache, na nakuomba kwa upole. Kama unamimina kila mwezi, basi bomba lako linakuambia kila mwezi kwamba haliponi. Magadi yale yakikutana na maji yanachemka. Yasipopita yanabaki yamesimama kwenye mkunjo, na mimi nikija kufungua yananirukia usoni. Nina kovu la mkono wa kushoto kwa sababu mwenye nyumba hakuniambia amemwaga nini. Na kama jana mtu alimwaga JIK humo na leo wewe unamwaga asidi, inatoka gesi ya klorini, bafuni kwako, mlango umefungwa. Hiyo inaua.

Tena dawa hizo zinaua vijidudu vya septiki vinavyomeng'enya uchafu, shimo litajaa tope mapema kuliko lilivyopaswa.

Na kwa kuwa tumefika hapo, jambo hili naomba lisipite. MTU ASIINGIE NDANI YA SHIMO wala chemba ya kina. Hata kuokota ndoo iliyodondoka, hata kama mfuniko umekuwa wazi tangu asubuhi. Humo mna gesi inayonuka mayai viza, na ikizidi pua inaacha kuisikia, unadhani imeisha. Mtu anaanguka, wa pili anaingia kumwokoa anaanguka juu yake. Nimeshazika mtu niliyefanya naye kazi kwa namna hiyo. Usiwashe kiberiti wala sigara kwenye mfuniko, mna gesi nyingine inayowaka. Na watoto wasiachwe karibu na shimo lililofunuliwa, hata kwa dakika ya kwenda kuchukua simu.

#9 Mwenye Uwanja

Asante fundi kwa hilo la mwisho. Nimeweka mabati juu ya mtaro na chemba usiku huu huu baada ya kusoma.

#10 Mkazi wa Eastlands

Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu wengi hatuna shimo, tumeunganishwa na laini ya sua ya mtaa, majitaka yanaenda mpaka mabwawa ya Ruai. Kwa hivyo kipimo chetu cha kwanza ni jirani. Maji yakirudi kwangu, nabisha kwa jirani wa juu na wa chini. Na wao wakiwa hivyo hivyo, na ile manholi ya barabarani inafurika, shida iko kwa laini ya mtaa, hiyo napigia kampuni ya maji simu, sianzi kuchimba uani. Ikiwa ni mimi peke yangu, ni bomba langu la kutoka kwa ploti hadi barabarani.

Shida kubwa ya huku ni ploti. Nyumba ilijengwa kwa familia moja, baadaye ikabomolewa ikawa ghorofa ya vyumba thelathini, lakini bomba chini ni lile lile la zamani. Hilo halijavunjika, limezidiwa. Ukizibua leo litajaa tena kesho kutwa.

#11 Karibu na Bahari

Mkazi wa Eastlands amegusa jambo. Dar laini ya namna hiyo iko maeneo machache, katikati ya jiji, Upanga, Kariakoo na kwingine kidogo. Mimi nilikulia Upanga, mabomba yale ni ya zamani mno na kipimo cha kuuliza jirani ndicho tulichotumia. Siku hizi niko Mikocheni, nina shimo.

Swali langu kwa fundi: kila masika shimo langu linajaa. Mwaka jana nimevuta Aprili mara mbili. Kiangazi halisumbui. Ni bomba?

#12 Fundi Pima Maji

@Karibu na Bahari kwa maeneo ya chini kama huko, maji ya ardhini yapo juu, na masika yanapanda zaidi. Inawezekana unavuta maji ya ardhi, unalipia gari lipeleke mabwawa ya majitaka ya Vingunguti maji yasiyo yako.

Fanya hivi. Usiku watu wote wakishalala, funga valvu ya maji ya nyumba. Tumbukiza ufito mrefu kwenye shimo ukiwa umesimama pembeni, weka alama usawa wa maji. Alfajiri kabla mtu hajafungua bomba, pima tena. Yakiwa yamepanda na hakuna aliyetumia maji, yanaingia kutoka nje: ukuta wa shimo unavuja, au bomba lina ufa, au mabati ya paa yameelekezwa humo. Hilo la mwisho nalikuta sana, mtu kaunganisha maji ya mvua kwenye chemba ya choo ili asichimbe mfereji. Mvua moja ya masika inajaza shimo zima.

Usiku wa pili rudia bila kufunga valvu. Kama sasa ndipo yanapopanda, kagua matangi ya vyoo. Tia bluu kwenye tangi, usiflashi nusu saa, tazama bakuli. Rangi ikishuka, tangi linavuja kimyakimya saa 24.

Na usivute shimo likabaki tupu kabisa wakati ardhi imejaa maji. Mashimo mepesi hunyanyuliwa na maji ya chini na bomba la kuingilia linakatika. Nimeona tangi la plastiki limechomoza kama kichwa cha kiboko.

#13 Karibu na Bahari

Fundi, mabati ya paa la banda la nyuma yanamwagia kwenye chemba. Nimeenda na tochi sasa hivi kuangalia. Ni kweli.

#14 Mpangaji Mtulivu

Mrejesho mdogo: choo changu kilikuwa na kifuniko cha dawa ya meno kimekaa kwenye shingo. Kimetoka. Lakini niulize la upangaji: njia kuu ikiharibika nani analipa? Mwenye nyumba wetu akisikia tu anasema "mnatupa vitu chooni".

#15 Mama Wawili wa Kigamboni

@Mpangaji Mtulivu soma mkataba wako kwanza, ndio utakaokulinda. Mimi nimepanga na nimepangisha, nakwambia kilichonisaidia pande zote mbili ni picha. Fito ikitoka na pampasi, piga picha, mpangaji alipe. Ikitoka na udongo na mizizi, piga picha, hiyo ni nyumba. Mwenye nyumba muungwana akiona mizizi kwenye picha hana la kusema. Na andika tarehe za kila kuziba ukutani kwenye kalenda. Ukimpelekea tarehe sita zilizofuatana, mazungumzo yanabadilika.

#16 Msaka Kiwanja

Niko kwenye hatua za kununua nyumba Kimara, imeshajengwa, mwenye nyumba anasema choo "hakijawahi kusumbua". Nikague nini kwa siku moja?

#17 Fundi Pima Maji

@Msaka Kiwanja nenda asubuhi, fungua mabomba yote pamoja na uflashi vyoo vyote kwa wakati mmoja, kisha usikilize. Halafu omba chemba zifunuliwe. Wakikwambia zimesakafiwa chini ya vigae, shughuli iishie hapo mpaka zifunuliwe. Ndani ya chemba usitazame sakafu tu, tazama kuta. Chemba isiyowahi kufurika ina kuta safi juu ya mfereji wake. Iliyowahi kufurika ina mstari wa mafuta na karatasi zilizogandia kwenye plasta, kama mstari wa chai kwenye kikombe. Mwenye nyumba anaweza kufagia chemba usiku wa kuamkia siku ya ukaguzi, ila mstari ule hautoki kwa ufagio.

Uliza majirani gari la kunyonya huonekana mara ngapi. Na pima umbali wa shimo kutoka kisima kama kipo, usikubali chini ya mita 30. Siku hizi zipo na kamera ndogo za waya zinazopitishwa ndani ya bomba. Kwa nyumba ya mamilioni, gharama ya kamera si kitu.

Kimara ni milima, mteremko sio shida yenu. Shida ni udongo kuhama mvua kubwa ikinyesha na kuvuta viungio. Tembea kwenye mstari wote wa bomba, ukanyage.

#18 Bibi Afya

Nimesoma kimya, mimi ni muuguzi. Naomba mzazi yeyote mwenye kile kipande kibichi uani asisubiri fundi ndipo achukue hatua. Watoto waondoke hapo leo. Maji ya tangi la chini yasinywewe bila kuchemshwa mpaka yapimwe.

Na kuna njia nyingine watu hawaifikirii. Maji ya bomba yakikatika, mpira au bomba la majisafi lenye tundu likiwa limelala kwenye udongo uliolowa majitaka linanyonya. Siku maji yakirudi, unachokinga kwanza ni kile lilichonyonya. Acha yale ya mwanzo yamwagike. Na kipindupindu hakihitaji mengi.

#19 Mwenye Uwanja

MREJESHO kama nilivyoahidi.

Tumelaza bomba jipya lenye ukuta mnene, kutoka chemba ya pili mpaka septiki. Limeshushwa kina cha kiuno, chini tumetandika mchanga laini uliochekechwa ili jiwe lisilibonyeze, na sehemu ya maegesho tumemwaga zege juu yake kabla ya kurudisha pevingi. Mzee alivuta kamba na kupima kila mita. Mahali linapopinda kwenda shimoni tumejenga chemba ya nne, zamani palikuwa na elbo tu imefukiwa, hakuna ambaye angeweza kuifikia na fito.

Kabla ya kufukia alinifanyisha kitu ambacho sikuwahi kuona fundi akifanya. Aliziba mdomo wa chini kwa nailoni na mpira, tukajaza bomba maji kutoka juu, akachora mstari kwa mkaa kwenye chemba, akaagiza chai. Tulikaa saa nzima tunautazama ule mstari. Kwenye kiungio cha tatu palitoka jasho, tone moja baada ya jingine. Akakata, akaunganisha upya, tukajaza tena. Saa ya pili maji hayakutoka kwenye mstari, ndipo akasema fukieni.

Tangi la maji tumelimwaga, tumelisugua, tumepiga plasta upya ule upande, tukatia klorini na kuliacha usiku kucha, kisha tukalimwaga tena. Sampuli ya maji tumepeleka kupimwa, nasubiri majibu, kwa sasa tunachemsha.

Jana usiku mke wangu alimwaga ndoo bafuni, mimi nimesimama chumba cha pili kwenye choo. Kimya. Maji kwenye bakuli hayakutikisika. Nikamwambia amwage nyingine.

#20 Karibu na Bahari

Hongera sana mkuu. Na ule mwarobaini?

#21 Mwenye Uwanja

Nilikwenda kwa jirani na kipande cha bomba kilichojaa mizizi, nikamwonyesha, hakuamini. Mti ni wa marehemu baba yake na unawapa kivuli, sikuwa na moyo wa kumwambia aukate. Tumehamisha mstari wa bomba mita moja na nusu mbali na ukuta, na yeye mwenyewe akaleta vijana wawili kunisaidia kuchimba. Juzi ameniita tufungue chemba zake.